Maunti Iliyokataa Kuinama

Bellevue, Johannesburg
3 Machi 2025

Mdogo wangu Naseeb,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungekuwa hapa, na usingeniamkia ningekukumbusha, kwa hiyo tumelimaliza hilo. Mimi nipo. Nomsa hajambo, bado anataka mimi mama yake nihamie kwake Midrand, kwenye nyumba zenye geti na mlinzi ambako majirani hawajuani hata kwa chafya. Nimekataa. Hapa vyumba vyangu vimejaa wapangaji, mmoja wao, Jeanne wa Kongo, anasukia watu nywele sebuleni kwangu tangu kibanda chake kivunjwe, na kila Jumatano Wakongo wa chumba cha nyuma wanaomba kwa sauti mpaka mimi Mwislamu najikuta nimeitikia amina. Maji yamekatika siku ya nne leo. Umeme upo. Eish, tusiutaje usije ukatusikia.

Daktari ameutazama moyo wangu kwenye mashine yake. Anasema umechoka, unasukuma damu kama pampu ya kijijini. Akanishauri nianze kupanga mambo yangu. Nikamwambia nguo za baridi zipo kabati la kushoto, za joto la kulia. Hakucheka. Ni kijana sana, bado anaogopa kifo.

Usiniulize kwa nini nakuandikia karatasi badala ya simu. Ujumbe wangu wa sauti wa Januari uliufungulia mbele ya watu, mkeo akasikia maoni yangu kuhusu pilau yake. Barua atakuletea Ahmad, yule dereva wa lori wa Kisangara. Akifika Dar na mzigo huwa anapanda kwenda kwao, na wewe uko njiani.

Nina mambo mawili. La kwanza ni ombi lako. Umestaafu, una darubini aliyokupa mwanao na kamera uliyoinunua kwa mpiga picha wa harusi, unataka kupiga picha za nyota. Sasa unaomba nikutafutie maunti huku, yaani kile kichwa cha chuma kinachokaa juu ya miguu mitatu na kuizungusha darubini ifuate nyota. Nakiri umeniuliza swali la mtu mwenye akili, na nimeshangaa. Wengi hununua darubini kama pipa la mafuta, kisha huipandisha juu ya kitu kinachocheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Dunia inazunguka, Naseeb. Ukiacha kamera wazi dakika tatu bila kuifuata nyota, utapata picha ya mchele uliomwagika.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza inakwenda juu na chini, kulia na kushoto, kama shingo ya mlinzi wa benki. Hiyo ni nzuri kwa kutazama tu. Kwa picha ndefu haifai, kwa sababu hata ikiifuata nyota ya katikati, za pembeni zinazunguka. Ya pili ina mhimili ulioinamishwa, unaelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, ikawa kazi yake ni kugeuka polepole kinyume cha dunia. Hiyo ndiyo yako. Na boksi likiandikwa kwamba inabeba kilo kumi na nne, wewe kwa picha hesabu saba. Wanaoandika maboksi husema uongo kama wachumba.

Jambo la pili ni langu. Mwaka 1986 nilifanya kitu kilichokugharimu, na mpaka leo hukijui. Nitakiri kwako kabla sijafa. Lakini si leo, kwa sababu nakufahamu: ukikasirika hupokei hata maji. Kwanza upate maunti, uisimamishe, ufurahi. Niombee nisiondoke kabla, maana huko nitahojiwa kwa Kiarabu, na Kiarabu changu unakijua.

Dada yako,
Amisa


Same
2 Aprili 2025

Dada Amisa,

SHIKAMOO. Nimeiandika kwa herufi kubwa usije ukasema hukuiona.

Huku wazima. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio, na mvua yenyewe haiji. Mke wangu amekusamehe kuhusu pilau, ila amesema siku ukija utapikiwa uji. Mbuzi wawili wamezaa. Habari ya moyo wako nimeisoma mara mbili, halafu nikatoka nje kidogo. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Kuhusu huo mwaka 1986: kama ni miti ya baba kule Usangi, najua uliiuza. Kama ni redio yangu, najua uliifungua ukashindwa kuifunga, mwalimu mzima wa fizikia. Kama ni barua uliyomwandikia yule mchumba wangu wa Korogwe ukimwambia ninakoroma, nilishakushukuru. Sijui unachohangaika nacho.

Kilichonigharimu mwaka ule ni kimoja, na mwenye kosa anaishi mita mia tatu kutoka hapa nilipoketi. Polycarp. Unamkumbuka, yule Mchaga aliyekuwa akinibebea vyombo nilipokuwa mpima ardhi. Akaiangusha theodolaiti ya serikali, mashine ya kupimia pembe iliyokuwa inatunzwa kuliko sisi wafanyakazi. Yeye akafukuzwa kazi. Mimi kama msimamizi nikapelekwa Liwale, nikakaa miaka tisa na mbu. Sasa ana karakana ya kuchomelea mageti karibu na soko. Kila asubuhi nikipita ananipigia kelele, "Mpare! Umeamkaje na ubahili wako?" kwa kisingizio cha utani wa Wachaga na Wapare. Miaka thelathini na tisa sijamjibu. Hata misumari naifuata mji wa pili, Hedaru.

Turudi kwenye la maana. Darubini, kamera na vikorokoro vyake havizidi kilo sita. Nitumie na betri, na ile darubini ndogo ya kuilinda nyota moja ili maunti ijisahihishe yenyewe. Nimesoma habari zake. Usidhani huku tunachunga tu.

Mdogo wako asiyekoroma,
Naseeb


Bellevue
11 Mei 2025

Naseeb,

Marahaba tena, na pole na goti. Nilikuwa hospitali siku kumi na moja, ndiyo sababu ya kimya. Walinitoa maji kwenye miguu. Nomsa alikuja kila siku na supu yake isiyo na chumvi, akanisomea ujumbe wa ndugu wa baba yake kwa Kizulu, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili, kila mtu akaelewa nusu. Tumeishi hivyo tangu tulipokuja huku, na mambo yalikwenda.

Maunti nimeipata. Mzee mmoja wa Kensington anahamia Australia kwa watoto wake na mkewe amemwambia achague: chuma au yeye. Alinifungulia mlango, akaona bibi mweusi wa miaka sabini na sita anayehema kama treni, akaniuliza namnunulia nani. Nikamwambia namnunulia mtoto mmoja wa miaka sabini na tatu. Kisha nikaushika mhimili nikautikisa huku na huku, nikamwonyesha nafasi iliyopo kati ya meno ya gia: ukiigeuza upande huu halafu ule, kuna kaupenyo kabla haijaitika. Alikuwa hajategemea hilo. Akaleta bisibisi mwenyewe, tukakaza, tukanywa chai. Alininyang'anya saa mbili akinieleza mapenzi yake na nebula moja, wingu la gesi huko angani.

Jeanne ndiye aliyenisaidia kuibeba. Alipouona ule mfuko mrefu kama mzinga, akasema, "Maman Amisa, hii ni canon ao ni nini? Polisi wakituona kwa robot tumekwisha!" Kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya Raleigh Street tukasimama kabisa sambamba na gari la polisi. Jeanne akaanza kuimba pambio.

Nimeijaribu uani mara tu jua lilipozama. Nimeielekeza kusini juu ya nguo za majirani, nikapima nyuzi ishirini na sita, mhimili ukakaa sawasawa. Inafuata nyota bila mlio. Kwenye sanduku nimeweka: uzito wa kusawazisha, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, darubini ndogo ya ulinzi, mshipi wa kupasha lenzi joto ili umande usiiharibu, na kebo tatu za ziada, kwa sababu kebo huku hufa bila kuugua. Betri utanunua huko, Ahmad amekataa kuvuka nayo mipaka mitatu.

Lile jambo la pili nimeliandika kurasa mbili nikazichana. Jambo lenyewe ni fupi. Linalonichosha ni kwamba kila nikianza najikuta najitetea, na utetezi wangu unachekesha, na nikishacheka nahisi nimesamehewa na mimi mwenyewe. Simamisha maunti kwanza.

Amisa


Same
20 Juni 2025

Dada,

Shikamoo, na keti chini kwanza.

Sanduku limefika. Ahmad alilileta kwa bodaboda, sijui walikaaje. Mke wangu aliuliza kama ni mashine ya kusaga. Nimefunga miguu, nimepandisha maunti juu yake, nimetundika uzito, kila kitu kinang'aa. Nikashika ile skrubu ya kuinamisha mhimili. Nikazungusha, nikazungusha. Ikafika nyuzi kumi na nane, ikagoma. Chuma kimegusa chuma.

Dada Amisa, mwalimu wa fizikia kwa miaka thelathini na minne, mhimili wa maunti unainamishwa kwa kiasi gani?

Nitakujibu mimi mpima ardhi. Kwa kiasi cha latitudo ya mahali. Johannesburg ni nyuzi ishirini na sita kusini. Na Same? Same ni nyuzi NNE! Mhimili wangu unatakiwa ulale karibu kama mtu aliyeshiba. Umenichagulia maunti ya kwenu. Umeijaribu kwenu, umeifurahia kwenu, umeifunga kwenye sanduku ukaituma mahali ambapo haiwezi hata kuinama kusalimia. Miaka thelathini na mitatu huko imekusahaulisha dunia ni duara. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuona kama ni kifafa.

Na usidhani ni hilo tu. Ncha ya anga kwenu iko juu, unaiona. Kwangu iko nyuzi nne juu ya upeo, nyuma ya vilima na vumbi. Ya kaskazini iko chini ya ardhi. Sina ncha hata moja! Lakini hilo halinisumbui. Nitaangalia nyota moja inateleza kwenda wapi, nitasogeza, nitaangalia tena. Kusini ya kweli nimeitafuta maisha yangu yote kwa mshahara wa serikali, sasa nitaitafuta bure.

Shida ni ule mwinamo. Inahitajika kabari ya chuma, ya nyuzi kumi na tano kamili, ikae kati ya miguu na maunti. Fundi anayeweza kuchomelea pembe kwa usahihi huo katika mji huu ni mmoja, nawe umeshamjua. Mwanangu anasema nimpelekee Polycarp. Nimemwambia mkono ulioua theodolaiti yangu hautagusa maunti yangu. Mwenye mkono huo aliyaharibu maisha yangu, halafu ananiita mbahili. Nitasubiri mtu anayekwenda Moshi.

Kuna mawingu wiki nzima. Kunywa dawa.

Naseeb


Bellevue
14 Julai 2025

Naseeb,

Ulivyonicheka ni halali yangu. Nomsa amenikuta nalia kwa kicheko, akadhani ni moyo, akaita gari la wagonjwa. Wamekuja, wamenipima, wameondoka wamenuna.

Sasa soma taratibu. Polycarp hakuiangusha theodolaiti yako. Niliiangusha mimi.

Unakumbuka mlilala kwangu Morogoro, Machi ya 1986, wewe na Polycarp, mkiwa njiani kwenda kupima. Sanduku mliliweka kwenye korido. Asubuhi zile nyota yenye mkia ilikuwa inaonekana kabla ya jua kuchomoza, ile inayorudi baada ya miaka sabini na kitu. Mimi nilikuwa na kamera ya shule na sikuwa na kitu cha kuizungusha taratibu. Na hapo koridoni ilikuwepo mashine bora kuliko zote nchini, ina skrubu laini za kugeuza pembe kwa unywele. Nikaiona kama maunti. Nilijua usingeniruhusu, kwa hiyo sikuomba.

Thabo alikuja alfajiri kunishikia tochi. Wewe ulimjua baadaye kama shemeji yako. Wakati ule alikuwa mkimbizi mmoja tu wa Afrika Kusini kutoka kambi ya Mazimbu, mwenye ndevu na maneno mengi ya ukombozi. Tuliisimamisha theodolaiti nyuma ya jiko, tukafunga kamera juu yake kwa mipira ya baiskeli. Nikaanza kuhesabu dakika. Thabo akasema dakika kumi ni nyingi za kukaa kimya. Basi hatukukaa kimya.

Mguu ulioipiga sijui ni wa nani. Gizani ilikuwepo miguu minne ya watu na mitatu ya mashine, na ya mashine pekee ndiyo iliyokuwa na adabu. Nilisikia kioo. Sitakisahau kile kilio kidogo, kama kijiko kimeanguka ndani ya glasi. Tuliirudisha kwenye sanduku, tukafunga vibanio, nikaenda kuwapikia chai. Polycarp akanisifia chai. Akalibeba sanduku begani, akaondoka nalo.

Picha haikutoka. Nomsa ndiye aliyetoka, Desemba.

Niliposikia amefukuzwa nilikuwa na mimba, sijaolewa, na mkuu wangu wa shule alikuwa anatafuta sababu. Nikasema nitasema mwezi ujao. Halafu nikaolewa, nikasema nitasema nikijifungua. Halafu tukahamia huku. Kila mara palikuwa na jambo la kungoja, hata mwaka huu, umeona mwenyewe, nimengoja maunti. Nilidhani nikikutumia kitu kizuri kwanza utaumia kidogo. Ule ulikuwa uoga uliovikwa shanga.

Hukunidhulumu wewe kitu, na Polycarp hakukudhulumu. Nimekunyima miaka tisa, na yeye nimemnyima nisichokijua. Mpelekee barua hii. Mimi siwezi kupanda basi la siku tatu. Kama hutaki kumpa, msomee.

Amisa


Bellevue
30 Agosti 2025

Naseeb,

Ahmad anasema alikukabidhi mkononi tarehe tano, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukamuuliza bei ya matairi.

Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba bado nipo, kama unapanga matusi yafike yakiwa na mwenyewe. Usiku nalala nimeketi. Jeanne amehamishia kiti chake chumbani kwangu, wateja wanasukwa huku wananisalimia. Ukitaka kunikataa, nikatae kwa maandishi. Hiki kimya kinafanana mno na changu.

Amisa


Same
22 Septemba 2025

Dada,

Shikamoo.

Nimechelewa, na sababu si hasira. Hasira ilikuwepo siku nne. Nilikwenda mpaka makaburini kwa baba kukushtaki, na nilipofika nikakuta sina la kusema bila kujitaja na mimi.

Kuna kitu ambacho sijakiandika katika barua zote hizi. Tulipolifungua sanduku kule porini na kuikuta imevunjika, sikujua nani kaivunja. Bosi aliniita ofisini akaniuliza, "Wewe ulimwona?" Nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilikuwa natarajia cheo. Nikasema ndiyo, nilimwona akiteleza mtoni. Hakukuwa na kuteleza, dada. Mto wenyewe ulikuwa mkavu. Nimeurudia ule uongo mpaka nikauona kwa macho, pamoja na maji. Nilipoisoma barua yako, mto ukakauka tena.

Juzi nikaipakia maunti kwenye toroli nikaenda. Polycarp alikuwa anachomelea dirisha. Akainua kinyago chake.

"Mpare! Umepotea? Hedaru ni kule."

"Nimekuja na kazi."

"Kazi ipi? Umekuja kuniuzia jua lenu la Same?"

Nikamwomba akae. Nikamsomea barua yako yote, mbele ya jenereta lake, hata nikapaza sauti. Pale kwenye miguu minne na ile mitatu akanisimamisha. "Rudia hapo." Nikarudia. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa glovu, uso wote ukawa masizi. "Kumbe mwalimu! Na chai ile nikamsifia!" Halafu akaacha kucheka, ghafla hivi. Akasubiri nimalize. Akasema, "Na wewe? Wewe huna barua?"

Nikamwambia habari ya mtoni. Hakushtuka.

"Nilikuwa chini ya dirisha la bosi, Naseeb. Nilisikia kwa masikio haya."

"Ulijua? Na ukawa unanisalimia kila siku?"

"Ulidhani ni utani tu? Nilikuwa nangoja siku utakayoona haya ukanijibu. Nilisema labda Ijumaa, maana mnatoka msikitini."

Nilianza kuomba radhi, akaninyooshea fito ya kuchomelea kama mwalimu. Alisema pole yangu nimpelekee mke wangu. Anachotaka ni karatasi. Anasema binti yake mkubwa alikuwa darasa la sita wakati ule. Shuleni walimwita mtoto wa mvunja mashine, na ada ya sekondari ikakosekana. Sasa ana wajukuu na bado anaamini baba yake alikuwa amelewa siku ile. Mkewe Polycarp naye aliamini hivyo mpaka kufa kwake. Nanukuu, niliandika palepale kwenye mfuko wa saruji: "Huyo hawezi kuambiwa tena. Wanangu wanaweza. Mwambie Amisa awaandikie wao, si mimi. Asaini, na shahidi asaini. Na asitie utani hata mmoja. Nyinyi watu mkishaanza kuchekesha huwa mmeshatoroka."

Nami nitaandika yangu, ya mtoni. Nimeshaianza. Ni ngumu kuliko Liwale.

Maunti imebaki karakanani kwake, ameifunika turubai. Sijaiomba.

Fanya haraka, dada.

Naseeb


Bellevue
19 Oktoba 2025

Naseeb,

Marahaba. Mwandiko wangu umepinda, utaona. Niliandika mara sita. Ya kwanza ilikuwa na vichekesho vitatu, ya pili viwili, ya tano nilidhani haina hata kimoja mpaka Jeanne akacheka. Leo asubuhi nilimsomea Nomsa kwa Kiingereza ili ajue anachoshuhudia. Nilipofika kwenye mwezi wa Machi akauliza nilikuwa na nani alfajiri ile, nikamjibu ni baba yake; akahesabu vidole mpaka Desemba, akashangaa kwa Kizulu, "Haibo, Mama!" akatoka nje. Alirudi baada ya muda mrefu. Akachukua kalamu.

Mpelekee Polycarp siku ileile itakapofika. Usiisome njiani.

Amisa


Bellevue, Johannesburg
19 Oktoba 2025

Kwa watoto wa Bwana Polycarp, Same

Mimi ni Amisa, dada yake Naseeb aliyekuwa mpima ardhi. Baba yenu alifanya kazi naye.

Mwezi Machi 1986 baba yenu na mdogo wangu Naseeb walilala nyumbani kwangu Morogoro. Alfajiri, wakati baba yenu amelala, nilichukua theodolaiti ya serikali bila ruhusa ya mtu yeyote. Ilianguka nikiwa naitumia, ikavunjika. Niliirudisha kwenye sanduku, nikalifunga, nikanyamaza.

Asubuhi baba yenu alibeba sanduku lenye mashine ambayo ilikuwa imeshavunjika. Hakuteleza. Hakuwa amelewa. Alikunywa chai kwangu, nami nilimmiminia mwenyewe.

Nilijua kwamba amefukuzwa kazi kwa kosa langu. Nilijua tangu mwaka uleule. Sikusema kwa miaka thelathini na tisa. Katika miaka hiyo nilikuwa na kazi, mume, mtoto aliyesoma, na nyumba. Ninyi mlikosa vitu ambavyo vingine sivijui na sitavijua.

Siwaombi msamaha kwa barua hii, kwa sababu barua hii ni ushahidi wa baba yenu, si haja yangu. Mwonyesheni yeyote aliyewahi kuwaambia vinginevyo.

Theodolaiti ile niliiangusha mimi.

Amisa

Shahidi: Nomsa, binti yake. Nimesomewa, nimeelewa.